Kabla Hujalipia Gesi ya AC Mara ya Pili, Soma Hapa

Kiangazi kile tulikuwa wanne kwenye fleti moja ya kupanga pale Ruwi, Muscat. Mmoja dereva, mmoja muuzaji duka la simu, mmoja mpishi wa mgahawa, na mmoja mlinzi wa usiku, ambaye mchana wa watu ndio usiku wake. Wiki ya pili ya Juni AC ya chumba kikubwa ikaanza kutoa upepo wa vuguvugu. Tukampigia fundi tuliyepewa namba yake na jirani. Akaja, akafunga mpira wake kwenye boksi la nje, dakika kumi kazi imekwisha. "Gesi ilikuwa imeisha," akasema. Riyali 15. Chumba kikapoa, tukalala.

Baada ya wiki tatu, upepo ule ule wa vuguvugu. Fundi yule yule, maneno yale yale, riyali 15 nyingine. Kabla Julai haijaisha, mara ya tatu. Jumla riyali 45, ambazo ni kama dola 117 za Marekani.

Mara ile ya pili ilikuwa katikati ya mwezi na wengi wetu mifuko ilikuwa mikavu. Mwenye pesa mkononi alikuwa mmoja tu, na zilikuwa pesa za kutuma. Tukamwambia toa, tutakurudishia mshahara ukitoka. Akatoa. Usiku akampigia simu mdogo wake anayesoma Tanga kumwambia ada itachelewa kidogo. Binti hakulalamika. Alisema tu, "Sawa kaka." Ile "sawa" ilituuma sote, bora angegomba.

Katikati ya Agosti joto likarudi chumbani. Tukiwa tunatafuta namba ya fundi, akapita mzee mmoja wa ghorofa ya chini, mtu wa Unguja aliyefanya kazi ya AC miaka mingi kabla ya kupumzika. Sote tunamwita Ami. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa wanangu, hizo gesi tatu mlizotia zimekwenda wapi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu. Makala hii ni yale tuliyojifunza kutokana na swali lile, na tunaiandika kwa sababu tunajua wengi wenu mnalipa kama tulivyolipa sisi.

Gesi ya AC haiishi kama petroli

Hili ndilo jambo la kwanza kulishika. Gari linachoma petroli, kwa hiyo petroli inaisha. AC haichomi gesi yake. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa ya nje inaisukuma, inatoa joto nje, inaingia ndani ikiwa baridi, inabeba joto la chumba chako na kulitoa nje tena. Ni ile ile inayozunguka mwaka hadi mwaka. Mabomba yakiwa mazima, AC inaweza kufika uzeeni bila kuongezwa hata gramu moja.

Kwa hiyo fundi akikwambia gesi imepungua, anakwambia kuna mahali inavuja. Akijaza bila kutafuta tundu, ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Itapoa leo, na wewe utalipa tena. Ukiona AC inadai gesi kila kiangazi, au kila mwezi kama yetu, shida ni tundu.

Jambo la pili: mara nyingi AC isiyopoza haina shida ya gesi hata kidogo. Imeziba tu kwa vumbi.

Vitu vya kufanya kabla ya kumwita fundi

Haya yote hayahitaji ufundi wala pesa. Yafanye kwa utaratibu huu.

Kwanza, tazama rimoti. Usicheke. Tumeshuhudia watu wakiita fundi kumbe rimoti imewekwa kwenye alama ya feni au ya joto badala ya alama ya baridi. Weka alama ya baridi, weka nyuzi 24, badilisha betri kama maandishi yamefifia. Kisha subiri. AC nyingi zikizimwa na kuwashwa, kompresa inachelewa kama dakika 3 hivi ili isiharibike. Ukiwa na haraka ya kuzima na kuwasha, unaichelewesha zaidi.

Pili, filta. Zima AC, na ikiwezekana zima breka yake kabisa. AC ya ukutani unainua kifuniko cha mbele, filta mbili za wavu zinatoka kwa mkono. AC ya dirishani nayo filta yake inachomoka kwa mbele au ubavuni. Ioshe kwa maji ya bomba upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia, tumia sabuni ya vyombo kama ina mafuta ya jikoni, na uianike kivulini. Usiianike juani, plastiki inapinda. Usiirudishe ikiwa mbichi. Kwa Muscat, Dubai au Doha, msimu wa vumbi, fanya hivi kila wiki mbili. Filta ikiziba, hewa haipiti, chumba hakipoi, na mita ya umeme inakimbia bure. Wizara ya Nishati ya Marekani imekadiria kwamba kuondoa filta iliyoziba na kuweka safi kunaweza kupunguza umeme unaoliwa na AC kwa asilimia 5 hadi 15. Hiyo ni pesa inayopatikana kwa kuosha wavu.

Tatu, nenda ukaliangalie boksi la nje. Lile boksi kazi yake ni kutupa joto, kwa hiyo linataka nafasi ya kupumua. Hapa lazima tujiseme wenyewe: kwenye roshani yetu tulikuwa tumepanga maboksi ya mzigo wa kontena la kwenda nyumbani, godoro moja na baiskeli ya mtoto, yote yakiliegemea lile boksi. Hewa ya moto ilikuwa inatoka na kurudi pale pale. Ondoa mizigo, usianike nguo mbele yake, toa mifuko ya nailoni iliyonasa nyuma. Kama vile vibati vyembamba vya nyuma vimejaa vumbi na chumvi ya bahari, na boksi liko mahali salama kulifikia ukiwa umesimama sakafuni, zima breka kisha ulimwagie maji kwa mpira, taratibu. Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari. Inavikunja vibati na unakuwa umeziba zaidi. Boksi likiwa limening'inia ukutani ghorofa ya tatu, liache. Hakuna AC yenye thamani ya shingo yako.

Nne, pima. Nunua kipimajoto cha bei ndogo. Washa AC kwa dakika 15, milango imefungwa. Pima hewa inayoingia kwenye AC kwa juu, kisha pima inayotoka. AC nzima kwa kawaida inatoa tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 hivi. Siku zenye unyevunyevu mwingi tofauti inapungua kidogo. Ukipata nyuzi 3 au 4, na filta ni safi na feni ya nje inazunguka, sasa una sababu ya kumwita fundi, na una namba ya kumwonyesha.

AC inavyosema ugonjwa wake

Maji yanadondoka ndani, ukutani au kitandani. Hii mara nyingi ni bomba la kutolea maji limeziba kwa vumbi na utando. AC inapopoza inakamua maji kutoka hewani, na maji hayo lazima yapate njia. Tafuta mwisho wa bomba kule nje. Kama AC inafanya kazi na hapadondoki kitu, limeziba. Mashine ya kufyonza vumbi inayokubali maji, ikiwekwa kwenye mdomo wa bomba kwa nje, inatoa uchafu wote. Wenzetu wa Salalah wakati wa khareef wanalijua hili vizuri, maana hewa yenyewe inakuwa maji. Kwa AC ya dirishani, tazama kama imelala kuelekea ndani. Inatakiwa iiname kidogo nje.

Barafu kwenye bomba au ndani ya AC. Watu wanafurahi wakiona barafu, wanadhani ndiyo baridi kali. Hapana. Ni dalili kwamba hewa haipiti vya kutosha, yaani filta au koili chafu, au gesi imepungua kwa kuvuja. Zima baridi, acha feni peke yake mpaka barafu yote iyeyuke, inaweza kuchukua saa kadhaa. Usiigongoe kwa kisu. Safisha filta, washa tena. Barafu ikirudi, mwite fundi.

Boksi la nje linanguruma lakini feni haizunguki. Hapo anayeshukiwa kwanza ni kapasita, kile kikopo cha umeme kinachosaidia kompresa na feni kuanza. Joto la Ghuba linaviua hivi vikopo. Ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Zima AC mara moja, kwa sababu ikiendelea kunguruma hivyo inaweza kuunguza mota. Na fundi akikimbilia kusema kompresa imekufa, mwombe kwa adabu apime kapasita kwanza, mkiwa wote mnaona.

Breka inajizima. Irudishe mara moja tu. Ikijizima tena, iache na uite fundi wa umeme. Breka inayojizima inakulinda. Mtu anayeifunga kwa waya au kuweka kubwa zaidi ili isijizime anacheza na moto ndani ya nyumba ya watu waliolala.

Harufu ya kitu kinachoungua, au plagi imekuwa kahawia na ya moto. Zima, chomoa, basi. AC ya dirishani haichomekwi kwenye waya wa kuunganishia wa dukani. Inavuta umeme mwingi, waya unapata moto polepole bila mtu kujua.

Mahali pa kusimama

Kuosha filta, kuondoa mizigo, kuzibua bomba la maji, kupima: hayo ni yako. Kufungua kifuniko cha umeme cha boksi la nje si yako. Ile kapasita inahifadhi umeme hata baada ya kuzima breka, na inaweza kukupiga vibaya. Tumewahi kumwona kijana akiisukuma feni ya nje kwa kijiti ili ianze. Ilianza, na kijiti kikamrukia usoni. Tulicheka baadaye, lakini jicho lilipona kwa bahati tu.

Gesi nayo si ya kujaribu. Ziko aina mbalimbali: R-22 kwenye mashine za zamani, ambayo dunia inaiondoa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987; R-410A kwenye nyingi za miaka ya karibuni; na R-32 kwenye mpya, ambayo inaweza kushika moto. Hazichanganywi. Aina yake na uzito wake vimeandikwa kwenye kibao cha boksi la nje. Kipige picha leo, ukihifadhi kwenye simu.

Maneno ya kumwambia fundi

Mafundi wengi ni watu wa halali wanaotafuta riziki kama sisi. Lakini fundi akiona mteja hajui kitu, na ana nyumba kumi za kupitia siku hiyo, atachagua njia ya mkato. Maswali matatu yanatosha kumtuliza.

Swali la kwanza: "Inavujia wapi?" Mwambie kabisa kwamba hutalipia gesi kabla hujaonyeshwa tundu. Kupata tundu si miujiza. Ami alipotupeleka kwenye boksi letu, alituonyesha alama ya mafuta kwenye nati inayounga bomba. Mafuta ya kompresa huzunguka pamoja na gesi, kwa hiyo inapovujia gesi na mafuta huacha doa. Akapaka povu la sabuni ya vyombo, tukaona mapovu yanavimba yenyewe. Dakika mbili. Riyali 45 zilipitia pale.

Swali la pili: "Utavuta hewa kwa pampu?" Bomba likishafunguliwa na kurekebishwa, hewa na unyevu lazima vivutwe kwa pampu kabla ya gesi kuingia. Vikibaki ndani vinaila kompresa taratibu.

Swali la tatu: "Una mizani?" Gesi inatiwa kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao, haikadiriwi kwa kushika bomba na kusema "tayari." Ikizidi ni kosa kama ikipungua.

Kubaliana bei yote kabla hajafungua begi lake, omba risiti yenye tarehe na maelezo ya kazi, na uliza dhamana ni ya siku ngapi. Kama kifaa kimebadilishwa, omba ukabidhiwe cha zamani. Na kwa Oman kumbuka kwamba miezi ya Juni, Julai na Agosti kazi za nje juani zinasimamishwa kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri. Usimlazimishe fundi apande juu ya paa saa saba mchana. Mwite asubuhi au jioni.

Nani alipe?

Kabla ya kutoa hata baisa moja, soma mkataba wako wa nyumba. Mingi inasema wazi matengenezo makubwa ni ya nani. Sisi tulikuwa hatujausoma. Mpigie mwenye nyumba au wakala, kisha muandikie ujumbe wenye picha na tarehe, ili pawe na kumbukumbu. Akisema "tengeneza, nitakata kwenye kodi," mwombe aliandike hilo neno. Usijikatie kodi mwenyewe kwa maneno ya simu.

Kwa dada zetu na kaka zetu wanaokaa majumbani kwa waajiri: AC ya chumba chako si jukumu la mfuko wako, na usiifungue zaidi ya filta. Sema mapema, siku ya kwanza inapoanza kudondosha maji au kupoteza baridi, na sema kwa heshima lakini uwe na picha kwenye simu. Ukinyamaza mpaka iharibike kabisa, unaweza kuulizwa wewe.

Wala usione aibu kusema. Mwezi Juni 2018, pale Quriyat, mwendo mfupi tu kutoka Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku na mchana. Kwenye joto la namna hiyo AC haihesabiki kama anasa. Mwenzetu mlinzi, zile siku za Agosti, alikuwa anarudi asubuhi na kulala juu ya vigae na taulo la maji kifuani. Siku ya nne alisinzia kazini, akapewa onyo la maandishi. Onyo la pili lingekuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo tunaposema kuhusu AC, tunasema pia kuhusu mshahara.

Mfuko wa AC

Mwisho, jambo la akiba. Baada ya mkasa ule tulianzisha mfuko: riyali 1 kila mtu, kila mwezi, siku ile ile tunayolipa kodi. Watu wanne kwa mwaka ni riyali 48, zaidi kidogo ya zile tulizomwaga kwenye nati inayovuja. Anayetunza hazigusi kwa jambo jingine. Kila Aprili, kabla joto halijapamba na mafundi hawajabanwa, tunamwita fundi asafishe koili ndani na nje. Mwaka AC ikiwa nzima, salio linabaki. Muhimu ni kwamba AC ikiharibika katikati ya mwezi, hakuna anayeombwa atoe fungu la nyumbani. Ukiwa peke yako, weka hesabu hiyo hiyo kwa uwezo wako, lakini iweke mbali na pesa za kutuma.

Yetu ilitengenezwa siku ya pili yake. Fundi mwingine, aliyeletwa na Ami. Alikata mdomo wa bomba uliokuwa umepasuka, akautandaza upya, akafunga nati, akavuta hewa kwa pampu, akatia gesi kwa mizani. Saa mbili za kazi, riyali 20, risiti mkononi. Viangazi viwili vimepita na hatujaongeza gesi. Mwenzetu tulimrudishia zake mwisho wa mwezi ule, ada ikaenda Tanga, wiki tatu baada ya siku yake.

Leo ukirudi kazini, kabla hujavua viatu, inua kifuniko cha AC uitazame filta. Kama huoni mwanga ukiipandisha kwenye taa, ushajua pa kuanzia.